Maneno Aliyobaki Nayo Baba

Machale hunicheza upesi. Ndivyo nilivyo, na kazi yangu imenizidishia. Nafundisha Kiingereza sekondari, na mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari kila wiki hujifunza kutomwamini mtu. Sentensi nzuri ikitokea kwenye daftari la mwanafunzi mvivu siifurahii, natafuta aliyekaa pembeni yake. Nyumbani niko vilevile. Mume wangu akinisifia mboga, namuuliza amevunja nini. Kwa hiyo baba yangu alipoanza kusema maneno yasiyojulikana, katika familia nzima mimi ndiye niliyepaswa kushuku mapema. Nikashuku, ila nilianza na watu wasiohusika.

Baba alikuwa fundi wa nyavu pale Ujiji. Kiharusi kilimkuta dukani asubuhi, sindano ya nyavu mkononi, akizungumza na mvuvi mmoja wa Ilagala. Yule mvuvi alitusimulia kwamba sindano ilianguka, baba akaitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuza, na mdomo uliokuwa ukisalimia nusu ya soko kwa Kiha ukanyamaza. Alilazwa wiki mbili. Alipotoka alikuwa anaelewa kila tunachosema, ukimtazama machoni unamwona yumo ndani, lakini akitaka maji alitoa mlio tu, kisha akapiga godoro kwa mkono mzima kwa hasira. Sijawahi kuona mtu mzima akionewa kiasi kile na mdomo wake mwenyewe.

Dada wa mazoezi pale hospitali alikuwa ametuonya kabla hatujaondoka. Alisema mtu wa namna hii anaweza kushindwa kuomba chai na bado akaweza kuhesabu, au kuimba, au kutaja siku za juma, kwa sababu mambo yaliyokaririwa tangu utotoni yanakaa mahali pake peke yake. "Litakalotoka, liacheni litoke," alisema. "Hilo ndilo mtakaloanzia. Mkimnyamazisha miezi hii ya mwanzo, msije mkaniuliza mbona hasemi." Mama alikuwa amekaa karibu yangu, kitenge begani. Aliitikia kwa kichwa.

Tulijaribu kuhesabu, akafika tatu akakwama. Tulijaribu siku za juma, hata Jumamosi haikutoka. Mama akakaa naye kila alfajiri kumsomea Fatiha, na baba alianza vizuri, lakini ilipofika aya ya pili ulimi ulijikunja na machozi yakamtoka. Hilo lilimuuma kuliko mkono. Baba alikuwa mmoja wa wanaume wachache wa mtaa wetu wanaoitwa kuosha maiti. Hakuna nyumba kati ya kwetu na msikitini ambayo hajaingia na ndoo na pamba, akamwosha mtu wao na kumvisha sanda, akatoka bila kusimulia alichokiona.

Wiki ya tatu, alasiri moja, nilikuwa namlisha uji. Mimi naishi Mwanga, hapahapa Kigoma, na mume wangu, na kila siku baada ya vipindi napanda bodaboda kwenda Ujiji kumwona. Baba akafungua mdomo, nikadhani anataka kijiko. Akasema kwa sauti safi, "Acher, akris, akre." Akavuta pumzi. "Cheler, cheleris, chelere." Akaendelea hivyo matatu-matatu, kisha yakaja mawili-mawili. "Fortis, forte. Gravis, grave. Brevis, breve." Ilikuwa sauti yake ileile ya zamani, haina kigugumizi hata kidogo. Furaha ilinijaa, na hofu ikaja nyuma yake, maana ile haikuwa Kiha, haikuwa Kiarabu, wala haikuwa lugha ya wale wanaovuka ziwa kutoka Kongo kuleta vitenge.

Mama alitokea mlangoni. Alimwekea baba kiganja mdomoni, taratibu, akasema, "Nyamaza, baba watoto. Pumzika." Kisha akaenda kufunga dirisha la barabarani. Nilidhani anazuia vumbi.

Dirisha moja halitoshi pale kwetu. Mama mkubwa, dada yake mama, anaishi nyumba ya pili na masikio yake hayajazeeka. Siku iliyofuata alikuja kumjulia hali shemeji yake, akamrekodi kwa simu, na kabla ya magharibi sauti ya baba ilikuwa imefika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binamu wa Dar es Salaam akasema ni Kireno. Mwingine akasema ni majina ya malaika. Mama mkubwa mwenyewe hakuwa na shaka. Mtu ambaye ameosha maiti wa watu miaka yote hiyo, alisema, na leo Fatiha haitoki ila maneno ya ajabu yanatoka, huyo amekaliwa na pepo. Akamleta mtaalamu wa mapepo.

Mtaalamu alikuja Alhamisi na ubani, kichupa cha maji ya waridi, na vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Kwetu pepo hafukuzwi kwa kelele. Anahojiwa kwa adabu kama mgeni: jina lake, alikotoka, anachotaka, kisha wenye nyumba wanapatana naye. Mtaalamu akajitanda kitambaa chekundu, akafukiza, akainama.

"Mgeni wetu, u nani?"

"Gravis, grave," baba akasema.

"Umetokea wapi?"

"Brevis, breve."

"Unataka nini kwa mzee wetu?"

Baba alimtazama kwa subira ya mtu anayeona mwenzake hajaelewa. "Omnis, omne," akasema.

Mtaalamu akatikisa kichwa kama aliyejibiwa vizuri. Akatuambia ni pepo wa Kizungu, wa siku nyingi, aliyekuja Ujiji na misafara akafa kwa homa kabla hajaliona ziwa. Anataka kitambaa cheupe na mbuzi asiye na doa. Angerudi Alhamisi ya pili kupatana naye rasmi. Mpaka siku hiyo baba asiachwe aseme, kwa sababu kila akisema pepo anauzoea ulimi.

Nilimshuku mtaalamu kwanza, ndiyo rahisi. Baba katamka maneno machache, yeye kajua mpaka homa iliyomwua pepo. Lakini nilipomgeukia mama ili nimwone akikunja uso, kwa kuwa mama si mtu wa mambo hayo na tangu utoto wangu alikuwa akiyacheka, nikamwona anaitikia. "Tutamnyamazisha," alisema. Hapo ndipo kitu kilipoanza kunila. Mama alikuwepo hospitali. Alimsikia dada wa mazoezi kwa masikio yake.

Wiki ile nzima nilikaa kando ya kitanda cha baba na rejista ya darasa, nikiandika nyuma yake alichosema kabla mama hajamkatiza. Nikagundua mambo ambayo mtaalamu hakuyagundua, kwa sababu yeye hajawahi kusimamia darasa. Maneno yalikuja kwa mpangilio uleule kila mara. Sauti ilipanda neno la kwanza ikashuka neno la mwisho, kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Na mama akimkatiza katikati, baba alipoanza tena alirudi mwanzo wa mstari. Pepo gani anayerudi mwanzo wa mstari? Kile nilichokuwa nakisikia ni mwanafunzi. Huyu mtu alisimamishwa mahali mbele ya mwalimu mkali, akakaririshwa mpaka maneno yakaingia kwenye mifupa.

Jumatatu nilikuwa kidato cha tatu, nafundisha jinsi maneno ya Kiingereza yanavyoundwa. Ukutani nimebandika karatasi kubwa ya viambishi niliyoiandika mwenyewe. Niliandika ubaoni "gravity", nikaandika "abbreviation", chini yake "comfort", nikageuka kuwauliza watoto maana, na chaki ikanikaa mkononi. Gravis. Brevis. Fortis. Maneno yale ubaoni yalikuwa watoto, na wazazi wao nimewaacha Ujiji, kitandani kwa baba.

Wakati wa mapumziko nikaandika kwenye simu "fortis forte gravis grave". Yote yakaja, yamepangwa kama baba anavyoyapanga. Ni Kilatini. Ni vivumishi vya kundi ambalo vitabu vya Kilatini huliita la tatu, navyo vina tabia zake. Vichache vina sura tatu, moja ya kiume, moja ya kike, moja ya vitu visivyo na jinsi, kama hivyo vya akris na akre alivyoanza navyo baba. Vingi vina sura mbili. Vingine, kama felix, vina sura moja tu kwa wote, na hivyo hukaririwa pamoja na umbo lake la kumilikisha, felix, felicis, ambalo baba alilitamka "felichis" kama wanavyotamka kanisani. Kwa nini wenye lugha yao wamegawa hivyo sijui, na sikuwa na muda wa kuwauliza. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu nikifuatilia watoto wa maneno yale mmoja mmoja. Celer, mwepesi, ndiye aliyezaa "acceleration" inayowatoa jasho wanangu kwenye fizikia. Levis yumo ndani ya "elevate", similis ndani ya "similar", potens ndani ya "potential". Fortis, mwenye nguvu, ameingia ndani ya "comfort" bila mtu kumwona, kwa hiyo kumfariji mtu kulikuwa kumtia nguvu. Na omnis, ambaye ni "wote", akiwa katika umbo la "kwa ajili ya wote" anakuwa omnibus. Wazungu wakakata kichwa wakabaki na mkia, sisi tukaupokea mkia ule tukaupanda kila asubuhi kwenda Kasulu. Tunauita basi.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikamshuku baba yangu. Alitusimulia maisha yetu yote kwamba aliishia darasa la saba kule Kalinzi, akalima kahawa na wazazi wake, akateremka Ujiji kutafuta maisha, akaupenda Uislamu na akampenda mama. Sasa nani alimfundisha mkulima wa kahawa Kilatini? Enzi zake katika nchi hii kilifundishwa mahali pa aina moja, na huko hawakuingia vijana wa kupita njia tu. Waliingia waliotakiwa kuwa mapadri. Nikaanza kumtazama baba usingizini na kujiuliza nimeishi na nani. Kama alificha hilo, alificha nini kingine? Watoto? Mke? Naona aibu kuyaandika haya, lakini niliyawaza, na niliyawaza nikiwa namfuta mate.

"Mama," nikasema jikoni, "baba alisoma wapi?"

"Kalinzi. Darasa la saba. Si unajua?"

Alijibu upesi mno, bila kuinua macho kwenye mchele. Mwanafunzi akinijibu hivyo, huwa namwomba daftari.

Jumatano nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda asubuhi, saa ambayo sijawahi kwenda. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa na dirisha la barabarani limefungwa. Nikavua viatu. Nilipofika ukumbini nikasikia baba ndani.

"Fortis."

Kisha sauti nyingine, ya chini, ya mwanamke. "Forte."

"Gravis."

"Grave. Zito. Sema, zito."

Nilisimama pale na viatu mkononi. Ilikuwa sauti ya mama. Mama yangu, mwanamke wa Ujiji wa baba na babu, aliyeishia chuo cha Kurani na darasa la nne, alikuwa anamjibu mumewe kwa Kilatini bila kujikwaa. Nikasukuma mlango.

Hakushtuka sana. Aliniangalia, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Kaa chini. Ulianza kunichunguza tangu Jumatatu, nilikuona."

Akanieleza mbele ya baba, na baba alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Baba alisoma seminari kweli, mpaka kidato cha nne, na ukoo mzima wa Kalinzi ulikuwa ukisubiri siku ya kumpigia magoti akiwa padri. Likizo moja akateremka na kahawa ya baba yake, akamwona mama dukani kwa babu, baba yake mama, na hakurudi tena darasani. Babu alikuwa tayari kumwoza binti yake kwa mkulima wa kahawa aliyesilimu. Lakini mama alimjua baba yake. Babu angesema, huyu aliyemwahidi Mungu wake kisha akamwacha kwa ajili ya msichana, kesho atamwacha msichana. Kwa hiyo wakakubaliana wawili, akawa wa darasa la saba. Miaka ya kwanza ya ndoa, wakiwa wameshajifungia, alimfundisha mama vile vivumishi, kwa sababu ndivyo peke yake alivyotoka navyo kule. Kila kimoja alikipa na maana yake ya Kiswahili mwishoni, kama walivyofundishwa.

"Na Uislamu wake?" nikauliza.

Mama alinikazia macho. "Miaka arobaini na kitu ya kufunga na kuosha maiti za watu, na wewe unauliza? Uislamu wake naujua mimi ninayeamka naye."

"Basi kwa nini umeacha wamwite mtu wa pepo? Kwa nini unamziba mdomo mbele yetu?"

"Kwa sababu mtu mwenye pepo anaonewa huruma," mama akasema. "Nani atamwonea huruma aliyewadanganya? Watasema alisilimu kwa ajili ya mwanamke, na sasa anapokaribia kufa kanisa linamtoka mdomoni. Mwanangu, ameosha mababa zao wote. Siku yake ikifika wakigoma kuingia humu na ndoo, mimi nitafanya nini?"

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa hakuwa mjinga. Watu wetu nawajua. Lakini nilimtazama baba, mkono wake mzima umeshika shuka, mdomo ukiwa tayari umekaa kuanza mstari unaofuata, akingoja turuhusu.

"Mama," nikasema, "baba hajafa."

Akainuka kurudishia mlango niliousukuma. Niliondoka nikiwa na uhakika kwamba nimeshindwa.

Kesho yake, Alhamisi, mtaalamu alirudi na mama mkubwa, na nyuma yao majirani watatu waliokuja kumwona mbuzi. Mbuzi alikuwa amefungwa uani, mweupe, anatafuna kamba. Ubani ukawashwa, kitambaa cheupe kikatandazwa juu ya miguu ya baba. Mama alikuwa amekaa kichwani pa kitanda na kikombe cha chai. Nilikaa pembeni nikimshuku.

"Mgeni wetu," mtaalamu akasema, "leo tumekuja kupatana. Taja unachotaka."

Baba akageuza macho kwa mama, na sijui aliona nini. "Dulchis," akasema, "dulche."

"Amekubali," akasema mtaalamu. "Anaomba..."

"Anasema tamu," mama akasema.

Akainua kikombe, akamnywesha funda moja, akafuta kidevu chake kwa ncha ya kitenge. "Dulchis, dulche," akamwambia, kwa sauti ya kila siku. "Malizia, mume wangu. Dulchis, dulche..."

Midomo ya baba ilihangaika. Nilisimama bila kujijua.

"Ta," akasema. "Tamu."

Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili tangu sindano ilipoanguka. Mama mkubwa alianza kulia, halafu akasita, akamtazama mdogo wake kwa jicho ninalolijua, kwa sababu nimelirithi. "Wewe umejuaje maana yake?" akauliza.

"Amenifundisha yeye. Hana pepo, dada. Alisoma seminari, akaacha, akanioa mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza, na ni mimi niliyemwambia afiche."

Mtaalamu akaanza kukunja kitambaa chake, kwa adabu, sikuweza kumlaumu. Majirani nikawaona tayari wanaandaa watakavyolisimulia. Mama mkubwa akakaa juu ya mkeka, mkono shavuni. Kisha akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa analiwaza.

"Na siku yake ikifika, mdogo wangu, nani atamwosha?"

"Mimi," mama akasema. "Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe. Nimeuliza."

Akasimama, akaenda kwenye dirisha la barabarani, akasukuma mbao zote mbili mpaka zikagonga ukuta. Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri, wengine wanateremka kuelekea ziwani na ndoo zao. Mama akarudi, akakaa, akachukua mkono wa baba uliokufa akauweka juu ya paja lake.

"Haya, tuanze mwanzo wa mstari," akasema. "Kwa sauti, wasikie."